Ukoo wa Senti ya Mnyororo

Mama alikataa katakata kushuka kwenye gari.

"Nenda wewe," alisema, koti amelivuta hadi masikioni. "Mimi nikimwona Cornelius Wadleigh nitamtia kidole cha jicho, na umri wangu si wa kulala rumande."

"Mama, una miaka sabini na minane. Nani atakufunga?"

"Ndiyo maana nakwambia ufunge huo mlango. Nisije nikapata moyo."

Nilimwachia blanketi na chupa ya kahawa, nikaingia hotelini na senti ya baba yangu kwenye mfuko wa ndani wa koti, mkono nimeushikilia pale pale juu yake. Ilikuwa Machi ya 1974, Springfield, Massachusetts, na theluji ya barabarani ilikuwa imegeuka tope jeusi. Chama cha Shaba Kuukuu kilikuwa kinafanya mkutano wake wa mwaka, na mimi nilikuwa nimekwenda kukifanya kilambe matapishi yake. Sikuwa na shughuli nyingine yoyote mle ndani.

Baba yangu, Ansel Goodnow, alikuwa fundi saa kule Brattleboro, Vermont. Mtu mpole, mikono mitulivu, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: senti za zamani, zile kubwa nzito za shaba zilizogongwa wakati nchi hii bado changa. Mwaka 1936 alinunua kwa mjane wa Jaji Penniman wa Hartford senti ya mwaka 1793, ya kundi la kwanza kabisa. Upande mmoja yupo Bibi Uhuru, nywele timutimu, macho kama kaona mzimu. Upande wa pili kuna mnyororo wa pete kumi na tano, na jina la nchi limekatizwa: Ameri, halafu nukta, mchongaji kaishia hapo. Watu wa siku zile waliichukia. Walisema mnyororo ni nuksi kwa watu waliojikomboa juzi tu, na kiwanda cha sarafu hakikukawia kuiacha. Ndiyo maana leo watu wazima na akili zao wanagombana kwa ajili yake.

Na hii ya baba ilikuwa na ukoo. Kwetu sisi watu wa shaba, sarafu isiyo na ukoo ni yatima. Tunataka kujua ilitoka kwa nani ikaenda kwa nani, na nani aliitunza. Hii ilianzia kwa Kapteni Obadiah Crane wa Salem, aliyeipokea kama chenji, akaipenda, akaiweka. Ikaenda kwa binti yake, kisha kwa Daktari Elkanah Sturgis wa Boston. Vitu vya daktari vikapigwa mnada mwaka 1909, na Jaji Penniman akaichukua. Kitabu cha mnada ule kilikuwa na picha, na kwenye picha, shavuni mwa Bibi Uhuru, chini kidogo ya jicho, palikuwa na kipele. Kipele kidogo cha mviringo, kimejikalia pale bila haya. Wakusanyaji wakaibatiza Senti ya Kipele. Vijana wetu waliikariri picha ile kabla hawajawahi kushika senti ya mnyororo hata moja.

Mwaka 1938 baba aliipeleka chamani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amenunua tai mpya kwa ajili ya siku hiyo. Cornelius Wadleigh, ambaye alikuwa jicho la chama, aliiweka senti upande huu na kitabu upande ule, akatazama, akarudia kutazama. Makovu yote ya ukingoni yalilingana. Senti ilikuwa ni ile ile. Lakini shavu lilikuwa laini, na kipele hakikuwepo.

Kwetu, kuisafisha senti kwa dawa ni uhuni, lakini kuikwangua kwa chuma ni dhambi isiyo na toba. Na nani mwenye vyuma vyembamba vya kukwangulia kama si fundi saa? Baba alisema alivyoinunua ndivyo ilivyo. Wadleigh aliweka tena lenzi jichoni, akasema anaona mikwaruzo, michache, ya mtu hodari. Wakamfukuza siku hiyo hiyo. Kwenye kitabu cha chama, kile cha koo za sarafu, baada ya jina la Jaji Penniman wakachapa neno moja: Ikaharibiwa. Jina la baba hawakuliandika kabisa.

Alirudi nyumbani akampa mama ile senti, akasema hataki kuiona tena. Habari zikafika Brattleboro, kwa sababu Brattleboro hakuna habari isiyofika, na watu wakaanza kupeleka saa zao kwa mafundi wa Keene. Jina la Mkwanguaji lilimganda hadi alipozikwa mwaka 1951. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja alipofukuzwa, na shuleni watoto walikuwa wakikwaruza ubao kwa kucha kila nikipita. Nawakumbuka wote, mmoja mmoja, na wengine hadi leo siwasalimii.

Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja. Nilitaka jina la baba liingie kwenye ule ukoo, mahali pake, baada ya jaji, na lile neno lifutwe.

Nilijiunga na chama kwa jina la mume wangu, Rusk, na hakuna aliyeniuliza ukoo wangu mimi. Nikajifunza mashindano yao yanavyokwenda. Kila meza ina taa na trei ya sarafu za aina moja. Kila sarafu ina namba, na kadi yenye jina la mwenyewe imelazwa kifudifudi pembeni yake. Wanachama wanazunguka na lenzi zao, na kengele ikilia unasogea. Ni marufuku kuuliza hii ya nani, kwa sababu tunajuana sana: ukijua ni ya rafiki yako utaiona inang'aa, ukijua ni ya hasimu wako utaiona ina ukungu. Kura zikishahesabiwa, mwamuzi mkuu anasimama kuieleza ngozi ya ile iliyoshinda. Ngozi ndilo neno letu la uso wa shaba. Halafu vitabu vya picha vinafunguliwa mbele ya watu ili ukoo wake utafutwe. Kadi inageuzwa mwisho kabisa. Mpangilio huo haujawahi kuvunjwa, hata mwaka ule rais wa chama alipozimia katikati.

Na mwamuzi mkuu alikuwa bado Cornelius Wadleigh.

Mlangoni nilipokewa na katibu wetu, Lem Beaudry wa Woonsocket, mtu mnene mwenye utani usiojua likizo.

"Bi Rusk! Umeleta chochote safari hii, au umekuja kutumalizia donati?"

"Nimeleta kadogo."

"Wote husema kadogo. Mwaka jana mmoja alileta kadogo, tukakaweka chini ya taa, kumbe kifungo cha suruali ya babu yake."

Aliipokea ndani ya kibahasha bila kuitazama, kama sheria inavyotaka, akaenda kuilaza mezani pamoja na senti nyingine za mnyororo. Ikawa namba nne. Mimi nikajibanza karibu na birika la kahawa, mahali ninapoiona meza, roho juu.

Wadleigh alifika pale akiwa wa mwisho wa kundi lake. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, shingo imesinyaa ndani ya kola, lakini mkono ulikuwa bado mkono. Aliitazama namba moja, akaiacha. Mbili, akaguna. Tatu, akaiacha. Alipofika ya nne alikaa. Kengele ikalia, yeye yuko palepale.

"Sogea, mzee," Lem alimwambia. "Umeitazama, hujaioa."

"Niache, Lem."

Nilijiuliza kama ataitambua. Lakini nilikuwa nimelifikiria hilo kwa miaka. Mtu aliyekariri uso kwa kipele chake, ukimwondolea kipele hamjui tena. Kichwani mwa Wadleigh kulikuwa na senti mbili tu: moja yenye kipele, na nyingine yenye kidonda pale kipele kilipokatwa. Hii iliyokuwa mkononi mwake haikuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa anaitazama kwa macho matupu, labda kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe wengi wetu mle ndani.

Kura zilihesabiwa. Namba nne iliwaacha wenzake mbali. Wadleigh akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Jamani," alisema, "nimetazama shaba tangu navaa kaptura. Namba nne ina rangi ya kiatu cha mtu anayejitunza. Lakini rangi siyo hoja. Hoja ni ngozi. Ngozi yake haijaguswa. Nasema haijaguswa na kitambaa, haijaguswa na dawa, haijaguswa na chuma. Mtazameni Bibi Uhuru shavuni. Shaba ilivyotiririka siku ilipogongwa, mistari yake ingali pale, kutoka kwenye jicho mpaka kwenye taya, haijakatika popote. Mtu angepitisha chuma hapo, hata awe na mkono wa malaika, mistari ingekatika. Sijawahi kuona shavu kama hili, na sidhani kama nitaliona jingine kabla sijafa."

"Unasimama na maneno hayo, mzee?" Lem aliuliza, maana ndivyo katibu anavyopaswa kuuliza.

"Nasimama nayo."

Nilishika birika la kahawa likaniunguza, na sikuuondoa mkono. Alikuwa ameyasema. Mbele ya chama kizima, kwa kinywa chake.

Lem akavaa miwani, akafungua vitabu vya picha, akaanza kufananisha. Alikuwa akisema kwa sauti anachokiona, ili watu wafuate. "Kovu ukingoni, juu ya herufi ya kwanza ya neno Uhuru. Kibonyeo nyuma ya shingo, kidogo. Nyuma huku, alama ya ndoano kwenye pete ya juu ya mnyororo. Haya, ndoano, ndoano, nimekuona wapi wewe..." Akafunua kurasa. Kisha akaacha kusema. Utani ukamtoka usoni wote.

"Cornelius, hebu njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu." Na Wadleigh alipokuwa bado anatembea, Lem akashindwa kusubiri. "Hii ni Senti ya Kipele."

Chumba kililipuka. Watu wakasimama, viti vikaanguka. "Ile iliharibiwa!" mmoja alipiga kelele. "Kipele kiko wapi basi?" akauliza mwingine. Amos Tarbell, mtu mrefu mwenye maduka mawili ya viatu na maoni kuhusu kila kitu, akasema kwa uhakika kabisa kwamba Lem amelewa.

Wadleigh aliinama juu ya kitabu. Nilimwona anahama kutoka picha hadi senti, kutoka senti hadi picha.

"Itakuwa nyingine," alisema. "Inafanana nayo."

"Makovu matatu, mahali palepale?" Lem alimwambia, na safari hii hakuwa anatania. "Mzee wangu, pua hurithiwa. Makovu hayarithiwi."

"Basi nipeni. Nipeni niitazame tena."

Hiki ndicho kitu nilichokuwa nakiogopa tangu mwanzo. Sasa alishajua anatafuta nini. Mwaka 1938 alijua anatafuta mikwaruzo, akaiona. Akiitafuta tena ataiona tena, atasema macho yamemdanganya kwa sababu ya uzee, watu watamhurumia, na baba yangu atabaki Mkwanguaji mpaka kiama. Nilifungua mdomo nipige kelele. Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Itazame, Cornelius. Ila kwanza funga hicho kitabu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, blanketi la gari mabegani, kofia imekaa upande. Watu wakampisha bila kuambiwa. Wadleigh akageuka, na nadhani miaka yote ilimpitia usoni kwa mkupuo.

"Keziah," alisema.

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta choo, nikasikia unasifia shavu la mtu, nikasema sauti hii naijua." Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Mama akasogea hadi mezani. "Ulikula pai kwangu kila Jumapili, Cornelius. Pai ya tufaa na kipande cha jibini juu, na ukimaliza unaomba kingine cha kwenda nacho. Halafu ukasimama chumba kama hiki ukamwita mume wangu mharibifu. Haya, mwenye macho, tazama. Tutakungoja."

Lem akakifunga kitabu.

Wadleigh aliitazama. Alibadilisha lenzi, akaisogeza taa, akaiinamisha senti huku na huku ili mwanga upite juu ya shavu. Hakuna mtu mle ndani ambaye angempinga, akisema hivi au akisema vile, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote. Nilikuwa namchukia, na bado nikaona ni mzee, na nikakasirika kwa sababu nimeliona hilo. Nilikuwa na hakika atatuangusha.

"Mistari imeshikana," alisema hatimaye. Akaiweka senti chini taratibu. "Nimesema nasimama na maneno yangu, na bado nimesimama. Hapa hapajawahi kupita chuma. Hapajawahi kuwa na kipele."

"Lakini picha inaonyesha..." Amos Tarbell alianza.

"Picha ya nini?" Wadleigh akamgeukia kwa ukali. "Hebu niambie, Amos, picha ya nini? Mwaka 1909 nani alikuwa anapiga picha ya shaba yenyewe? Shaba ilikuwa haitoki vizuri kwenye kamera zao, inameta huku, inaingia giza kule. Walikuwa wanachukua kalibu ya sarafu, wanamimina plasta, plasta ikikauka wanaipiga picha plasta. Nyote mnajua! Mimi mwenyewe nawafundisha wageni kila mwaka, na huwa nawachekesha kwa hilo." Akaelekeza kidole kwenye senti. "Kalibu ikiwa na kiputo cha hewa, plasta inaingia kwenye kiputo. Unapata kipele. Kwenye plasta. Kwenye shaba hakuna kitu."

Lem ndiye aliyesema kwanza, tena polepole.

"Mungu wangu. Tumeibatiza senti kwa jina la kiputo."

"Tumemfukuza mtu kwa sababu ya kiputo," Wadleigh alisema.

Hilo ni kosa ambalo mtu wa kawaida asingeliweza. Mtu wa kawaida angeitazama senti. Sisi tunatazama kitabu kwanza, halafu tunaidai senti ifanane nacho, na isipofanana tunamtafuta mwizi. Kila mmoja mle ndani alikuwa anajua habari ya plasta, na kila mmoja alikuwa anajua habari ya kipele, na haikumjia hata mmoja kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Pamoja na mimi. Nilikuja na imani tu kwamba baba hakusema uongo. Kuhusu plasta nilikaa kwenye somo lile lile la Wadleigh nikacheka na wenzangu.

Alimsogelea mama. "Keziah, sijui nianzie..."

"Usianze na mimi," mama alimkata. Kidevu chake kilikuwa kinacheza. "Mimi nililala naye kitanda kimoja na sikumuuliza. Unanisikia? Miaka yote ile mpaka anakufa, sikuwahi kumuuliza kama alifanya au hakufanya, kwa sababu niliogopa atanijibu. Kwa hiyo mimi na wewe tutaongea siku nyingine. Ansel ndiye wa kuombwa radhi. Litaje jina lake, humu humu, na utoe sauti."

Sikuwa nalijua hilo. Nilidhani mimi na mama tulikuwa upande mmoja siku zote, na kumbe alikuwa ameishi kwenye shaka peke yake, akipika, akifua, akinisuka nywele. Nilimshika mkono na yeye akanibana vidole mpaka vikauma.

Wadleigh akajinyoosha. Alivua miwani, sijui kwa nini.

"Ansel Goodnow hakuikwangua senti hii," alisema. "Aliisema kweli, na mimi nikamwita mwongo. Ansel Goodnow aliitunza kuliko yeyote kati yetu angeitunza, na chama hiki kilimdhulumu, na mimi ndiye niliyekiongoza. Naomba radhi kwa Ansel Goodnow."

Wakapiga makofi. Yalianzia nyuma, yakaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya paa, na watu wote wakawa wamesimama, hata Amos Tarbell. Nilifurahi. Sitatafuta neno la adabu zaidi. Nilifurahi mpaka nikataka kumbusu Lem na upara wake, nikataka kukimbia hadi Brattleboro nikapige kengele ya kanisa, niwaamshe wote waliopeleka saa zao Keene. Nililia pia, lakini kilio cha raha, kile ambacho hata pua ikichuruzika hujali.

Ikafika zamu ya kutaja ukoo. Sarafu ikishinda, katibu husoma majina ya waliokuwa nayo tangu wa kwanza, na wanachama hurudia kila jina kwa pamoja. Lem akakifungua kitabu cha chama, akatoa kalamu, akalikata lile neno Ikaharibiwa kwa mistari miwili mizito ili kila mtu asikie kalamu inavyokwaruza. Kisha akaanza.

"Kapteni Obadiah Crane, wa Salem."

"Kapteni Obadiah Crane, wa Salem," chumba kikaitikia.

"Binti wa Kapteni Crane."

Watu wakaitikia, lakini mama akaniinamia. "Hana jina?" aliuliza, na mama akinong'ona husikika hadi barabarani.

"Hatulijui, mama," Lem akajibu.

"Basi mlitafute. Endelea."

"Daktari Elkanah Sturgis, wa Boston. Jaji Hollis Penniman, wa Hartford." Lem akasita, akamtazama mama, akaongeza mwenyewe, "Na mjane wake, ambaye jina lake tutalitafuta." Mama akatikisa kichwa kukubali. Lem akavuta pumzi. "Ansel Goodnow, fundi saa, wa Brattleboro."

Walilisema kwa sauti iliyotikisa vikombe. Sauti ya Wadleigh ilichelewa kidogo nyuma ya wengine, ikabaki peke yake mwishoni, Brattleboro, nikaisikia vizuri. Lile jina ambalo nilikuwa nalisikia likisemwa kwa kejeli tangu utoto, sasa lilikuwa limekaa kwenye mstari na daktari na jaji, na halikuwa dogo kwa yeyote kati yao.

Lem akaigeuza kadi. "Na sasa, mwenye senti hii leo, mwanachama wetu mliyekuwa mnamwona anakunywa kahawa tu, Bi Thankful Goodnow Rusk!"

Watu wakafungua midomo kuitikia.

"Ngoja kwanza," mama alisema. "Ngoja, ngoja. Huyu nani kampa?"

"Mama," nilimwambia chini chini.

"Mama nini? Baba yako aliniachia mimi. Nimewafukuza mlangoni kwangu matajiri watatu na ufagio kwa ajili ya kitu hiki. Wewe juzi umeingia chumbani kwangu, umefungua droo, umesema mama naiazima. Umesema naiazima au hukusema?"

"Nilisema."

"Haya." Akaugeukia umati, nao ulikuwa umeanza kucheka, na mimi pia nilikuwa nacheka huku machozi hayajakauka. "Huyu atakuja baadaye, ana afya nzuri, msimharakishe. Mimi bado sijafa. Katibu, andika baada ya Ansel: Keziah Goodnow. Herufi kubwa, mimi macho yangu siyo mazuri."

Lem alikuwa anaandika kabla hajamaliza. "Na kazi, mama? Hapa tuna kapteni, tuna daktari, jaji, fundi saa. Wewe tukuandike nani?"

Mama alifikiri. Nilimwona anaichambua ile orodha ya wanaume kichwani, mmoja baada ya mwingine, na mabinti na wajane wasio na majina katikati yao.

"Andika: mwenye nayo."

"Keziah Goodnow, wa Brattleboro," Lem akatangaza, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "mwenye nayo!"

"Keziah Goodnow, wa Brattleboro, mwenye nayo!"

Alinyoosha mkono. Wadleigh akaichukua ile senti kwa ncha za vidole, kwa ukingo tu, kama sisi sote tunavyoshika shaba, akamlazia kiganjani. Na mama akafumba ngumi, vidole vyote vitano juu ya shavu la Bibi Uhuru, akabana kwa nguvu zake zote. Jasho la kiganja hula shaba. Watu wazima walishika vichwa, Amos Tarbell akageukia ukuta, na katika chumba kizima cha mabingwa hakupatikana hata mmoja wa kumwambia aache.